Kitanda cha mtoto cha mtumba: rangi ya mafuta, rangi ya maji, duko au mbao tupu?

Mama kijacho anayetafuta kitanda cha mtoto, awe Dar es Salaam au Nairobi, ana njia tatu. Anunue kipya dukani kwa bei inayouma, achongeshe kwa fundi, au achukue kilichokwisha kutumika: cha mtumba kutoka Ulaya, cha jirani anayehama, au kile kilichozunguka ukoo mzima kutoka kwa shangazi hadi kwa wifi. Kazi yangu ni kukarabati samani, na hiki cha tatu ndicho ninacholetewa mara nyingi. Swali linalokuja nacho huwa moja: tupake rangi gani?

Swali hilohilo likija na kabati, jibu ni jepesi. Kabati halitafunwi. Mtoto akifikisha miezi sita hivi fizi zinaanza kumwasha. Akifikisha minane au tisa anajivuta asimame, anashika ubao wa juu wa kitanda, na mdomo wake unakuwa usawa wa ubao huo. Anauguguna asubuhi, anauguguna akikosa usingizi mchana. Kwa hiyo rangi ya kitanda cha mtoto mimi naihesabu kuwa kitu kitakachoingia tumboni, na ndiyo maana siwezi kulinganisha makopo ya dukani kabla sijaangalia kilichopo chini yake.

Kwanza, je, kitanda chenyewe kinastahili rangi?

Kuna vitanda ambavyo ningemshauri mwenyewe asivitilie hata shilingi. Cha kwanza ni kile chenye ubavu unaoshuka, ile aina unayofungua vibano ukauteremsha ubavu mmoja ili umtoe mtoto bila kuinama sana. Marekani ilipiga marufuku kuviuza kuanzia tarehe 28 Juni 2011, baada ya kuhusishwa na vifo vya watoto wasiopungua 32 tangu mwaka 2000. Vibano vya plastiki huchakaa au kuvunjika, ubavu unachomoka upande mmoja, na mtoto anateleza kwenye mwanya unaobaki kati ya ubavu na godoro. Rangi mpya haiongezi nguvu ya kibano. Tena inakificha kibano kilichopasuka, na hapo ndipo inapokuwa mbaya zaidi kuliko kuacha kitanda kilivyo.

Cha pili ni chenye fito zilizoachana mno. Nafasi kati ya ufito na ufito isizidi sentimita 6. Ukiwa huna futi mkononi, chukua kopo la soda la kawaida, lile pana: kipenyo chake ni sentimita 6.6 hivi, na likipita kati ya fito, kiwiliwili cha mtoto kinaweza kupita huku kichwa kikikwama. Makopo membamba ya siku hizi hayafai kwa kipimo hiki.

La tatu ni godoro, na hapa mitumba inawasumbua watu. Vitanda vingi vya Ulaya ndani yake ni sentimita 120 kwa 60, vikubwa kidogo ni 140 kwa 70, na vya Marekani ni takriban 133 kwa 71. Ukichukua kitanda cha Marekani ukakitia godoro la 120 kwa 60, unabaki na mfereji mrefu pembeni. Vidole viwili vikiingia kwa nafasi kati ya godoro na ubavu, godoro ni dogo. Afadhali ukatishe sponji ngumu kwa kipimo chake kuliko kujaza mwanya kwa khanga na mito.

Kikivuka hayo matatu, na bolti zake zote zipo, tuendelee.

Rangi iliyopo: kufunika au kutoa?

Uamuzi huu ni mzito kuliko wa kuchagua kopo, ingawa wengi huuruka. Nenda kwenye ubao wa juu, mahali alipotafuna mtoto aliyetangulia, ukapaangalie mchana penye mwanga. Nimewahi kushika kitanda ambacho alama za meno zilikuwa zimechimba mpaka kwenye mbao, na kila kishimo kilionyesha matabaka: nyeupe juu, chini yake bluu ya mawingu, na chini kabisa njano iliyokolea. Kila aliyekirithi alipaka juu ya rangi ya mwenzake, na watoto wakalifikia tabaka la chini kwa meno yao wenyewe. Ile njano ndiyo iliyonifanya niweke msasa chini.

Rangi nyingi za zamani za njano, chungwa na nyekundu kali zilipata ukali wake kutokana na kromati ya risasi, yaani kemikali yenye madini ya risasi (lead), na kijani nyingine zilitengenezwa kwa kuchanganya njano hiyohiyo na bluu. Rangi za mafuta nazo ziliwekewa madini ya risasi ili zikauke upesi. Marekani iliyazuia madini hayo kwenye rangi za nyumbani mwaka 1978, na mwaka 2009 ikashusha kiwango kinachoruhusiwa hadi sehemu 90 kwa milioni. Ni kiwango kilekile ambacho Shirika la Afya Duniani na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa wanazihimiza nchi zote zikiandike kwenye sheria zao. Kinachonitisha mimi ni hiki: mtoto mdogo na mtu mzima wakimeza kiasi kilekile cha risasi, mwili wa mtoto hufyonza mara 4 hadi 5 zaidi. Inagusa ubongo unaokua, madhara yake hayafutiki, na hakuna kiwango kwenye damu kinachojulikana kuwa salama.

Anayedhani hili ni jambo la mbali amkumbuke Phyllis Omido wa Mombasa. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu katika mtaa wa Owino Uhuru, mwanawe mchanga akakutwa na risasi kwenye damu, na akaendesha mapambano yaliyompatia tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015. Huko chanzo kilikuwa betri, si rangi ya kitanda, lakini sumu ni hiyohiyo na walioumia zaidi walikuwa watoto.

Sasa, kufunika au kutoa? Watu husema paka mpya juu, ya zamani itazibwa. Kwa ukuta au dirisha lisiloguswa, hoja hiyo ina mashiko. Kwa ubao unaotafunwa haina, maana meno hayaishii kwenye koti la juu. Kutoa nako kuna hatari yake, kwa sababu ukikwangua rangi yenye risasi kwa msasa mkavu unaigeuza vumbi laini linalovutwa na pumzi, linalotua kwenye sakafu anayoitambaa mtoto mkubwa wa nyumbani. Mimi nagawanya hivi. Kitanda chenye tabaka moja la rangi nyeupe, gumu, lisilobanduka, ambacho umri wake unaujua na si wa miaka mingi, hicho unaweza kukwaruza juujuu na kupaka, au hata kukiosha na kukiacha. Kitanda chenye matabaka usiyoyajua, hasa yakiwa na njano, chungwa au nyekundu chini, au kinachobanduka magamba, kirudishe. Najua kinauma, hasa kikiwa cha kurithi. Kitunze stoo kama kumbukumbu ukipenda, mtoto asilale humo.

Kama umeamua kutoa rangi ya zamani, tumia msasa wa maji, ule mweusi wanaotumia mafundi wa kupiga rangi magari, ukilowesha muda wote ili vumbi liwe tope. Fanyia nje, juu ya turubai, na tope lile lifungwe lote kwenye mfuko. Usitumie moto kulainisha rangi. Vipande vya mbao vilivyopakwa visipelekwe jikoni kuwashia jiko, wala maranda yasimwagwe bustanini au kwenye banda la kuku. Na mama kijacho asiikwangue yeye, hata kama ndiye mwenye hamu ya kuandaa chumba, kwa kuwa risasi inapita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto. Atakayefanya kazi hiyo aoge na kubadili nguo kabla ya kumbeba mtoto yeyote.

Mafuta na maji

Hizi mbili ndizo watu wanazogombania dukani, kwa hiyo nitakaa nazo kwa muda.

Rangi ya mafuta, ile inayochanganywa na tapentaini au thina, ndiyo waliyoizoea mafundi wetu wengi. Inajilaza yenyewe, michirizi ya brashi inapotea, ikikauka inang'aa na kuwa ngumu. Uji uliomwagika, maziwa yaliyocheuliwa, alama za vidole vyenye mafuta: unapitisha kitambaa chenye maji ya sabuni, kazi imekwisha. Ninaposema rangi ya maji, kwa upande wa pili, simaanishi ile ya ukutani iliyobaki kwenye ndoo ya lita 20 baada ya kupaka sebule. Ile haina nguvu ya kubeba msuguano, inanyonya uchafu, na ukiipitishia kiganja inatoka unga. Namaanisha rangi ya akriliki iliyotengenezwa kwa ajili ya mbao na vyuma, inayosafishwa kwa maji lakini ikikauka inaoshika. Ulizia rangi ya maji ya kung'aa ya mbao. Muuzaji akikuletea ya ukutani, mrudishie.

Kwenye harufu, maji inashinda bila ubishi. Rangi ya mafuta hukauka kwa kuvuta hewa, kazi inayochukua siku na kuendelea taratibu kwa wiki kadhaa, na muda wote huo inatoa mvuke. Chumba cha mtoto mchanga mara nyingi kinafungwa, kuna chandarua, kuna hofu ya baridi, madirisha nusu. Sitaki mvuke wa tapentaini ukae humo. Rangi ya maji nayo ina harufu, lakini ni ndogo na huisha mapema zaidi.

Kwenye kukauka, hesabu za kwenye kopo zinawadanganya watu pande zote mbili. Rangi ya maji inaguswa baada ya saa 1 hivi na inapokea koti la pili baada ya saa 2 hadi 4. Rangi ya mafuta inahitaji saa 6 hadi 8 ndipo iguswe, na koti la pili ni kesho yake. Lakini kukauka si kukomaa. Rangi ya maji iliyokauka leo asubuhi bado ni laini ndani, na inahitaji wiki 3 hadi 4 kukomaa sawasawa. Ukiweka godoro mapema shuka linanasa kwenye ubao, na ukilibandua linaondoka na rangi. Huu ndio udhaifu mkubwa wa rangi ya maji, na mtu asiyeweza kusubiri asiichague. Mafuta ikishakomaa hainasi hivyo.

Weupe: mafuta nyeupe ikikaa mahali pasipo na mwanga wa kutosha, nyuma ya mlango au kwenye kona, hugeuka manjano kidogo kidogo. Ya maji hubaki nyeupe. Kwa wengine hili si hoja, ila wanaopiga picha za chumba huliona.

Meno ndiyo mizani yangu ya mwisho. Rangi ya mafuta ni ngumu, na kadiri miaka inavyopita inakuwa kavu na yenye kuvunjika. Jino likipenya, inang'oka gamba, na gamba hilo linamezwa. Akriliki ina unyumbufu. Jino linaiachia alama, linaibonyeza, lakini haipasuki kirahisi. Nimeona ubao wa akriliki uliojaa vishimo vya meno huku rangi ikiwa bado imeshika chini ya kila kishimo. Kwa sababu hii moja tu ningeichagua ya maji hata kama ingekuwa na harufu sawa na mwenzake.

Hali ya hewa inabadilisha mambo kidogo. Pwani wakati wa masika, Machi hadi Mei, hewa imeshiba maji na rangi ya maji haina pa kuyapeleka yake. Ongeza saa kadhaa kati ya makoti, paka asubuhi, epuka siku ya mvua. Mafuta nayo wakati huo inabaki na unatanato hadi usiku na inakusanya vumbi na mbu. Nairobi au Arusha, Juni na Julai, tatizo ni baridi: akriliki haishikani vizuri joto likishuka chini ya nyuzi 10, kwa hiyo usipake jioni ukaacha nje usiku.

Bei haistahili kuwa hoja. Lita moja inafunika mita za mraba 10 hivi kwa koti moja, na kitanda cha mtoto, pamoja na fito zake zote, hakifiki nusu ya hapo. Kopo la lita moja linamaliza makoti mawili. Hata ya maji ikiwa na bei ya juu kidogo, kwenye mafuta utaongeza thina ya kuchanganyia na ya kuoshea brashi.

Jambo moja la kiufundi linaloharibu kazi nyingi: rangi ya maji haishiki juu ya mafuta ya zamani inayong'aa. Ili ujue iliyopo ni ipi, lowesha kitambaa kwa spiriti na usugue mahali pasipoonekana. Rangi ikilainika na kupaka kitambaa, ni ya maji. Ikibaki vilevile, ni ya mafuta, na hapo ni lazima uikwaruze mpaka mng'ao wote ufe, kisha andakoti ya kushikisha, ndipo uje na koti lako. Ukiruka hatua hiyo, rangi itabanduka kama ngozi ya nyoka, mtoto akiwa ndiye mbanduaji.

Chochote utakachochagua kati ya hizi mbili, nunua kopo lililofungwa, lenye jina la mtengenezaji, namba ya toleo na alama ya ubora ya TBS au KEBS. Usinunue rangi ya kupimiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, hata iwe nafuu namna gani, kwa kuwa hujui imetoka kopo gani. Kwenye makopo yaliyoagizwa kutoka nje tafuta maandishi EN 71-3. Hicho ni kiwango cha Ulaya cha vitu vya kuchezea watoto, kinachopima madini hatari yanayoweza kutoka kwenye rangi ikilambwa au kumezwa. Hakimaanishi rangi ni chakula, ila ni uhakika bora kuliko neno la muuzaji kwamba haina madhara. Na chagua nyeupe, krimu au rangi iliyopoa. Njano kali na nyekundu kali, ukizitaka, tafuta pazia.

Duko ya kupuliza

Ukipita Keko kule Dar, au kando ya Ngong Road Nairobi, utaona samani zimepangwa barabarani zinameremeta. Nyingi zimepulizwa duko, rangi inayokauka haraka, kwa kompresa, na mteja akiziona anataka kitanda chake kiwe hivyo. Kwa sura, hakuna brashi inayoifikia. Kwa haraka pia: asubuhi unapeleka, jioni imekauka. Fito nazo, ambazo kwa brashi ni kazi ya kuchosha mgongo, kwa bunduki ya rangi ni dakika chache.

Lakini kwa kitanda cha mtoto siipendi, na sababu ni nyingi. Duko ya kawaida inayeyushwa kwa thina kali. Ikipulizwa juu ya rangi ya mafuta ya zamani, thina inaipandisha ya chini na uso wote unakunjamana, na hapo hakuna dawa ila kukwangua hadi mbao. Hewa ikiwa na unyevu, kama Dar ilivyo miezi mingi, uso unaweza kushika ukungu mweupe usiotoka. Tabaka lake ni gumu lakini jembamba na halina unyumbufu, linapasuka kwenye kona. Zaidi ya yote, mara nyingi fundi anatumia iliyopo kwenye bunduki, na rangi hiyo inaweza kuwa iliyotengenezwa kwa ajili ya magari, ambayo haikukusudiwa mdomo wa mtoto. Kuna pia ile ya kuchanganywa na hadena, yaani dawa ya kuigandisha, ngumu kwelikweli, lakini hadena yake ina kemikali zinazodhuru mapafu ya anayepuliza bila kinyago kinachofaa.

Anayetaka sura ile kweli, ampelekee fundi kopo lake mwenyewe la akriliki ya maji na kumwomba aipulize. Inawezekana, bunduki ikioshwa vizuri kwanza. Fundi muungwana hatakataa.

Mbao tupu

Watu hawaifikirii njia hii, lakini kuna vitanda ambavyo kuvipaka rangi ni dhambi. Ukikwaruza kidogo chini ukakutana na mninga, ule wekundu wake wa kahawia wenye mistari, au msaji, acha kabisa wazo la nyeupe. Hata vile vya mtumba vya Ulaya, vingi ni vya mbao nyeupe ngumu au paini, na mbao safi iliyolainishwa vizuri ni sehemu bora zaidi ya mtoto kuguguna. Paini ina kasoro moja: mafundo yake hutoa utomvu unaopenya hata rangi, ukaona madoa ya kahawia yanarudi kila mwaka. Kwa hiyo kwa paini yenye mafundo mengi, kuiacha wazi kunakuokoa.

Mbao tupu nayo inahitaji kinga, na hapa uchaguzi ni kati ya vanishi ya maji, mafuta ya kitani na nta ya nyuki. Vanishi ya maji ndiyo imara zaidi na inaoshika. Kanuni zake za kukomaa ni zilezile za akriliki. Mafuta ya kitani yanaingia ndani ya mbao na kuzipa rangi nzuri ya asali, lakini yale yanayouzwa kama yaliyochemshwa huwekewa madini ya kukausha, kwa hiyo kwa kitanda tafuta mabichi, ukubali kusubiri wiki nyingi. Na vitambaa ulivyopakia mafuta hayo usivikunje ukavitupa kwenye ndoo: vinajipasha joto vyenyewe na kuwaka moto. Vitandaze nje vikauke kabisa, au uviloweke majini. Nta ya nyuki ni tamu kwa mkono na haina la kutisha, ila ni laini na utairudia kila baada ya muda.

Mafuta ya nazi, ambayo bibi zetu Pwani wangeyashika kwanza, hayafai hapa. Hayakauki kamwe, yanabaki juu ya mbao yakivuta vumbi, na baada ya muda yanachacha.

Kuhusu kitanda cha mbao za unga, zile zilizoshindiliwa kwa gundi, njia hii haipo. Kingo zake zikilowa zinavimba na hazirudi. Hizo zizibwe kwa rangi pande zote, pamoja na chini ambako hakuna anayeangalia, na msasa wa maji usizikaribie.

Ninavyofanya kikiwa changu cha kuamua

Sichagui moja kwa kitanda kizima. Ubao wa juu wa pande zote nautoa rangi hadi mbao, naulainisha kwa msasa namba 120, kisha 180, kisha 220, na kuuacha na nta tu. Kichwani, miguuni na fito napaka akriliki nyeupe, makoti mawili membamba. Sehemu inayotafunwa inabaki bila rangi yoyote, sehemu inayochafuka inaoshika. Kwa macho pia inapendeza, weupe na mbao zikikaa pamoja. Nimewafanyia hivi wazazi wengi na sijaona aliyetaka ubao wa juu ufunikwe.

Mambo madogo yanayosahaulika: kabla ya kufungua kitanda, weka namba kwa penseli kwenye kila kiungo. Mashimo ya bolti yazibwe kwa karatasi wakati wa kupaka, kwani rangi ikiingia humo bolti haikai mpaka mwisho na kitanda kinacheza. Kisha baada ya mwezi mmoja wa kutumika, kaza bolti zote upya.

Kilichobaki ni kalenda yako. Ukiwa na miezi miwili au zaidi kabla ya kujifungua, fanya kama nilivyoeleza hapo juu, una muda wa rangi kukomaa. Ukiwa na mwezi mmoja hivi na mbao ziko safi, toa rangi kwenye ubao wa juu, fito zioshe tu na uziache zilivyo. Zikibaki wiki mbili, usifungue kopo lolote. Mtoto mchanga haanzi kuguguna siku ya kwanza, na anaweza kulala salama kwenye kikapu chake kigumu chenye godoro bapa, chali, bila mto, kitanda kikiwa bado kinangoja rangi yake kibarazani. Na kama kitanda kimeshapakwa jana kwa mafuta na mama anatoka hospitali kesho, kitoe chumbani, kikae kwenye hewa wiki tatu au nne, hata kama shuka jipya limeshafuliwa na kupigwa pasi.